Acheni Kalamu ya Mistari Ifanye Kazi Yake

Katika madarasa yetu ya sanaa kuna amri isiyoandikwa popote ambayo kila mwanafunzi anaijua: mchoraji wa rangi za maji asizibe karatasi. Weupe wote wa picha sharti ubakizwe kwa ustadi wa brashi peke yake. Anayetangulia kufunika sehemu za nuru kwa utomvu wa mpira, akapaka rangi juu, kisha akaubandua utomvu na kuukuta weupe wake unamsubiri, huyo amedanganya, sawa na mtahiniwa aliyeingia chumba cha mtihani na majibu kwenye kiganja. Na kama utomvu wenyewe ameuweka kwa kalamu ya mistari, chombo cha wahandisi na wapima ardhi, basi amedanganya mara mbili.

Amri hii naipinga. Napinga pia ile nusu-ruhusa inayotolewa na wahadhiri walio wapole zaidi, wanaosema: ziba ukitaka, lakini tumia brashi. Hao wa pili wana huruma, ila ushauri wao umeharibu brashi nyingi kuliko panya na mende wakijumlishwa.

Naandika nikiwa mwanafunzi wa ualimu, Kiswahili kikiwa somo langu la kwanza na sanaa la pili. Tupo kadhaa wa namna hii hapa Uganda. Muda si mrefu tutasimama mbele ya madarasa ya sekondari, mbele ya watoto wanaotumia brashi moja watatu watatu, na lolote tuliloambiwa hapa kuwa ni dhambi tutawaambia wao kuwa ni dhambi. Ndiyo maana sioni kuwa ni jambo dogo la kumalizia kwenye ngazi za karakana baada ya kipindi.

Kwa wenzangu wa lugha ambao hawajawahi kushika rangi za maji, niseme kwanza ugumu uko wapi. Rangi ya maji ni nyepesi kama chai. Haifuniki kilicho chini yake. Nuru hupenya rangi, hugonga karatasi na kurudi machoni. Kwa hiyo nyeupe ya mchoraji huyu ni karatasi yenyewe. Mwenye rangi za mafuta akisahau mwanga atauongeza mwishoni kwa tone la nyeupe. Mwenye rangi za maji akishapitisha giza, mwanga umekwenda, na akiutaka tena ataurudisha kwa kusugua na kukwaruza. Basi yeye hupanga kazi kinyumenyume: huanza na palipo peupe, humalizia na palipo peusi, na muda wote anakumbuka asichopaswa kukigusa.

Hilo si gumu ikiwa cheupe ni ukuta wa nyumba au wingu. Unakizunguka tu. Lakini mchukue korongo mwenye taji, yule ndege wa bendera yetu. Kichwani ana shungi la nyuzi ngumu za rangi ya dhahabu, zimesimama kama miale, nyingine mbele ya nyingine. Mweke asubuhi kando ya kinamasi, mafunjo yenye giza nyuma yake, jua likimpiga ubavuni. Kila uzi ni mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, na kila uzi ni mwanga mbele ya giza. Kwa brashi peke yake itakubidi upake giza katika kila nafasi iliyo kati ya uzi na uzi, vipande vidogo vidogo vya giza, vingi kupita kuhesabika, vyote viwe na rangi moja, vyote vikauke bila kuacha alama ya maungio. Giza la kinamasi, ambalo lilipaswa kutandazwa kwa mkupuo mmoja likiwa bichi ili kijani kiingie chenyewe ndani ya bluu, linageuka kuwa viraka. Nimeona picha za namna hiyo zikisifiwa kwa uvumilivu wa mchoraji. Uvumilivu ulikuwepo, kweli, kinamasi hakikuwepo.

Utomvu wa kuzibia uliletwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Ni mpira wa asili ungali majimaji, umetiwa amonia kidogo ili usigande chupani. Ukiupaka juu ya karatasi kavu, maji na amonia vinaruka, unabaki utando mwembamba usiopitisha kitu. Unatandaza rangi juu yake upendavyo, kwa brashi pana, kwa mkono mwepesi, bila kuogopa. Rangi ikishakauka kabisa unasugua kwa kidole safi, utando unajikunja na kubanduka, na chini yake karatasi ni nyeupe kama ilivyotoka dukani. Mimi nauita utomvu kwa kuwa ndicho kitu chenyewe. Rafiki yangu mmoja anataka tuuite ulimbo, akisema unanasa manyoya ya brashi kama ulimbo unavyonasa ndege. Sina hoja ya kumpinga ila kwamba neno hilo tayari lina kazi nyingine.

Kalamu ya mistari nayo ni chombo cha zamani. Ni mpini wenye midomo miwili ya chuma, iliyochongoka na kukaribiana nchani bila kugusana, na skrubu ndogo ubavuni inayoisogeza au kuitenganisha. Wino hukaa katikati ya midomo hiyo, umejishikilia wenyewe kama tone la maji linavyokaa kati ya vidole viwili, na hushuka pale tu ncha inapogusa karatasi. Kaza skrubu, upate mstari kama unywele. Legeza, upate mstari kama ukindu. Kwa vizazi vingi kalamu hii ndiyo iliyochora ramani, madaraja na mashine. Kiwanda cha Kern, kilichoanzishwa mjini Aarau, Uswisi, mwaka 1819, kilipata sifa kubwa kwa vyombo vya aina hii. Mwaka 1953 Rotring ya Ujerumani ikatoa Rapidograph, kalamu yenye tangi lake la wino na ncha ya mrija, na mwishoni mwa 1982 ikaja programu ya AutoCAD. Wahandisi wakaifungia kalamu ya mistari sandukuni. Yangu nilipewa na mpima ardhi mstaafu, aliyedhani naitaka kama kitu cha makumbusho.

Namna inavyofanya kazi na utomvu ni rahisi kueleza. Huitumbukizi chupani. Unachukua utomvu kidogo kwa mrija au kijiti, unaudondosha katikati ya midomo mpaka ujae kiasi cha nusu sentimita, na nje ya midomo unapaacha pakavu. Chupa usiitikise, maana povu likiingia katika mstari litaacha vitobo na rangi itapita hapo. Koroga polepole kama unayekoroga uji wa mgonjwa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ile ile. Kisha chora. Rula si lazima, wala haina kazi yoyote kwenye shungi la korongo. Unaweka ncha pale uzi unapotoka kichwani, unavuta kwa haraka kuelekea nje, unanyanyua. Ukiilaza kalamu kidogo mstari unanenepa, ukiisimamisha unakonda. Unaweza kuchora nyuzi kadhaa kabla ya kurudi kwenye chupa. Baadaye, kinamasi kikishakauka na utando ukishatoka, unapitisha manjano ya dhahabu juu ya weupe ule na kuacha nyuzi chache za upande wa jua bila kuzigusa. Nimeshuhudia wenzangu wawili waliokuwa wakiicheka kalamu hii wakinyamaza walipoona hatua hiyo.

Lakini si wembamba wa mstari unaonifanya niitetee hivi. Ni skrubu. Utomvu hukauka haraka, na utakaukia ndani ya chombo chochote utakachotumia. Swali ni nini kinafuata. Kalamu ya kuchovya yenye nibu ina ufa mmoja mwembamba, na ufa ule ukishaziba hakuna pa kuufungulia. Unachokonoa kwa pini mpaka nibu ipinde. Njiti ya kiberiti haizibi, lakini inabeba tone moja tu na kuliangusha lote mahali ilipogusa kwanza, kisha inakwaruza pakavu. Kalamu ya mistari unailegeza skrubu, midomo inafunguka, unauvuta utando kwa kucha nao unatoka mzima kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka. Unafuta, unakaza, unaendelea na uzi uliofuata. Mshika kalamu wa miaka mia iliyopita alifanya hivyo hivyo wino wake ulipoganda. Hakuwa akifikiria mpira wala korongo, lakini aliyeitengeneza alijua kwamba kila kimiminika kinachoandika kitakauka siku moja mahali pabaya.

Brashi haina skrubu. Utomvu hupanda kati ya manyoya mpaka kwenye pete ya chuma inayoyashika, na huko hukauka mahali ambapo kidole hakifiki. Tunaambiwa tuipake sabuni kwanza. Sabuni inasaidia kwa muda. Haiokoi. Brashi bora za rangi za maji hutengenezwa kwa manyoya ya mkia wa mnyama wa jamii ya kicheche anayeishi Siberia, na bei yake anaifahamu kila aliyewahi kuiulizia kisha akaondoka dukani kimya. Kwa hiyo ushauri unabadilika: tumia brashi kuukuu. Haya, tumekubali. Brashi kuukuu inachora nini? Inachora ukuukuu wake. Ncha imepasuka, mstari unavimba mwanzoni na kukatika katikati. Utando unapobanduliwa, pale penye nuru, mahali ambapo jicho la mtazamaji litakwenda kwanza kabla ya kwingine, ndipo palipochorwa kwa chombo kibovu kuliko vyote vilivyomo katika kopo la mchoraji. Sijui fani nyingine ambayo mwanafunzi anashauriwa kwa upole namna hii aifanye sehemu muhimu ya kazi yake kwa kifaa kilichopaswa kutupwa.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, chuki dhidi ya utomvu ilipopata chakula. Watu waliona weupe wenye kingo butu, kama minyoo iliyobandikwa juu ya picha, wakasema: tazameni utomvu unavyoharibu. Utomvu haujui kuchora. Unahifadhi tu umbo ulilopewa na mkono, liwe zuri au baya, na unalihifadhi kwa uaminifu ambao wakati mwingine unauma. Mwenye kuchukia minyoo na achukie brashi kuukuu.

Nije sasa kwa wale wa amri yenyewe, wanaotumia neno usafi. Rangi za maji safi, wanasema, ni za Waingereza wa kale, na hao walitegemea brashi na karatasi tu. Dai hili linarudiwa kwa uhakika mkubwa, nami nashangaa kila ninapolisikia, kwa kuwa Waingereza hao waliziba, walikwaruza, walisugua na walikata. Francis Nicholson, aliyezaliwa 1753 na kufariki 1844, mmoja wa waanzilishi wa chama cha wachoraji wa rangi za maji kilichoundwa London mwaka 1804, alijulikana hasa kwa mbinu yake ya kuziba: mchanganyiko wenye nta na tapentaini, unapakwa penye nuru, rangi inapita juu yake, kisha mchanganyiko unaondolewa na weupe unatokea. Si mchoraji wa pembeni aliyekuja baadaye kuchafua mambo. Alikuwa mezani siku chama kinaanzishwa.

J. M. W. Turner ni mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1818, akiwa mgeni wa rafiki yake Walter Fawkes huko Yorkshire, alichora meli ya kivita ikipakia mahitaji, na mtoto wa nyumba hiyo alikaa naye akimtazama tangu mwanzo hadi mwisho. Kumbukumbu iliyobaki katika familia inasema aliimwagia karatasi rangi mbichi mpaka ikalowa kabisa, kisha akaichana, akaikwaruza na kuisugua kama mtu aliyepandwa na wazimu, na kidogo kidogo meli ikajitokeza. Picha hiyo imehifadhiwa katika jumba la sanaa la The Higgins mjini Bedford, na hakuna aliyeiandikia pembeni kwamba mchoraji alidanganya. Mwaka 1834 Winsor & Newton walianza kuuza nyeupe nzito ya zinki kwa ajili ya wachoraji wa rangi za maji, na John Ruskin, ambaye kwa ukali wa kusahihisha angewatisha wahadhiri wetu wote, aliwahimiza wanafunzi kuchanganya nyeupe na rangi zao katika kitabu chake cha kufundishia kuchora cha mwaka 1857. Ng'ambo ya Atlantiki, Winslow Homer aliukwangua uso wa karatasi ili mwanga urudi, na John Singer Sargent alipitisha nta mahali alipotaka rangi isishike. Huo usafi uliishi wapi, na kwa nani?

Ukucha na kisu cha wakwaruzaji wale vilifanya kazi ile ile ya kalamu yangu: vilileta mwanga mwembamba mbele ya giza. Tofauti ni kwamba wao walifika baada ya rangi wakaichana karatasi, nami nafika kabla ya rangi na kuiacha nzima.

Historia ikishaondolewa mezani hubaki hoja ya ugumu. Kuziba kunarahisisha, wanasema, na kilichorahisishwa hakistahili alama. Kwanza si kweli kwamba ni rahisi. Anayeziba anaichora nuru kabla ya kitu kingine chochote, kwenye karatasi tupu, akiwa hana giza la kumwonyesha nuru hiyo itaonekanaje. Lazima picha nzima iwe kichwani mwake tayari. Lakini hata ingekuwa rahisi, sisi wa Kiswahili tunapaswa kuwa wa kwanza kulitambua kosa lililomo. Mtunzi wa shairi la arudhi anahesabu mizani. Wengine huhesabu kichwani, wengine kwa vidole juu ya meza, na nimemwona mmoja akihesabu kwa punje za maharage. Hakuna mhadhiri wa fasihi aliyewahi kuuliza maharage yalikuwa mangapi. Anasoma ubeti, anasikiliza kama vina vimeingia vyenyewe au vimeburuzwa, na alama anazitoa kwa ubeti. Mhadhiri yule yule akipanda ghorofa kwenda karakana ya sanaa, kwa nini aanze kukagua vidole?

Katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja, mwanafunzi ninayemfahamu alichora nyavu za wavuvi zimeanikwa juani kando ya ziwa. Nyuma ya nyavu kulikuwa na mitumbwi iliyochakaa na kivuli kizito cha mwembe. Nyuzi za nyavu alizitoa kwa kalamu ya mistari, na zilikuwa hai: palipokazwa zimenyooka, palipolegea zimeinama kwa uzito wake. Picha ilirudishwa imepunguzwa alama, na pembeni neno moja kwa wino mwekundu: mashine. Maelekezo ya zoezi hilo hayakuwa yamekataza kuziba. Hayakuwa yametaja vifaa hata kidogo. Mwenzangu hakukata rufaa, kwa sababu utakata rufaa dhidi ya neno gani, na kwa kanuni ipi? Tangu siku hiyo anachora vyungu. Anavichora vizuri, lakini nyavu ameziacha, na kijiji chao hakina mfinyanzi.

Nakubali kwamba mhadhiri ana haki ya kupima brashi peke yake. Zoezi la namna hiyo ni zuri na kila mwanafunzi alipitie, kama mwanafunzi wa tafsiri anavyonyimwa kamusi kwa saa moja ili ijulikane ana msamiati gani kichwani. Basi liandikwe juu ya karatasi ya zoezi: leo ni brashi tu. Lakini kuifanya siku moja ya mtihani kuwa sheria ya maisha, tena sheria ya maadili, yenye maneno kama udanganyifu na uvivu, ni jambo jingine kabisa. Mfasiri hachomi kamusi yake baada ya mtihani.

Kuna hoja nyingine niliyoisikia mara moja tu, lakini ilinikera kuliko zote: kwamba vifaa hivi ni vya kigeni, na mchoraji wa Kiafrika asivitegemee. Aliyeisema alikuwa ameshika kidonge cha rangi ya maji kilichotoka Ulaya na karatasi iliyotoka Ulaya. Kuziba si kugeni kwetu. Fundi wa batiki hapa Kampala, au Nairobi, au Dar es Salaam, anafanya nini anapochora kwa nta ya moto juu ya kitambaa kabla ya kukitumbukiza kwenye rangi? Anaziba. Wanawake wa Kiyoruba huko Nigeria, wanaotengeneza vitambaa vya buluu viitwavyo adire eleko, huchora michoro yao kwa uji wa wanga wa muhogo, na chombo kimojawapo cha kuuwekea ni unyoya wa kuku. Wanaziba, na wamechagua chombo chenye ncha kwa sababu ile ile iliyonifanya nichague kalamu yangu. Hakuna anayesimama sokoni kumwambia fundi wa batiki kwamba nta imemfanyia kazi. Ama kuhusu mpira, jirani zetu wa Kongo walikatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mimea ya mwituni, enzi nchi yao ilipokuwa mali binafsi ya Leopold wa Pili, 1885 hadi 1908. Mtu asiniambie kwamba kitu hicho hakituhusu.

Sisemi kalamu ya mistari inafaa kila mahali. Ukuta mzima au wingu haulizibi kwa midomo miwili ya chuma. Kwa eneo pana kama hilo acha karatasi wazi uizunguke kwa brashi, kazi ambayo brashi iliumbwa kuifanya. Kwenye karatasi yenye mikwaruzo mikubwa ncha inarukaruka. Ukikandamiza, chuma kitachimba mfereji na rangi itakayopita baadaye itatuama humo iwe nyeusi kuliko jirani zake, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Karatasi hafifu, hasa ile ya daftari la kuchorea la bei ndogo, huchanika pamoja na utando. Jaribu pembeni kabla ya kujuta. Usianike picha yenye utomvu kwenye jua letu la saa saba wala usiiache wiki nzima, maana joto na muda huushikamanisha mpira na karatasi visiachane. Aina nyingine za utomvu hukubali tone la maji la kuulainisha na nyingine hukataa, na kibandiko cha chupa kitakwambia. Ukingo ukitoka mkali mno, pitisha brashi yenye unyevunyevu juu yake, utalainika. Madirisha yafunguliwe kwa ajili ya amonia, mwenye ngozi isiyopatana na mpira asiuguse, na kalamu ifutwe mpaka ikauke, la sivyo itashika kutu na skrubu haitazunguka tena.

Yote haya hufundishika katika kipindi kimoja. Ninachokiomba kwa wahadhiri wetu wa sanaa ni kipindi hicho kimoja, na mstari mmoja katika kila karatasi ya zoezi unaosema vifaa gani vinaruhusiwa na vipi haviruhusiwi, ili neno kama lile la wino mwekundu lisiandikwe tena bila kanuni nyuma yake. Kwa wenzangu wa ualimu nina ombi la vitendo. Kalamu hizi bado zinaonekana katika masanduku ya zamani ya vyombo vya kuchorea ramani, kwenye makabati ya shule za ufundi na katika nyumba za wapima ardhi waliostaafu. Wengi wanaozimiliki hawazitaki. Nendeni mkaziombe mwaka huu, kabla makabati hayajasafishwa na yaliyomo kupelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mkizipata, angalieni kwanza kama skrubu inazunguka. Ikigoma, tone la mafuta ya cherehani na subira ya usiku mmoja.